Mada ya Salma: Mapatano ya 1850 (kikundi cha ukoo)

Salma: Asalaam aleikum. Shikamooni wakubwa wote. Naomba msaada, hasa kwa Ami wa Boston. Jumanne kuna mdahalo chuoni: "Mapatano ya wanasiasa wa Marekani kuhusu utumwa yalifaa kwa sababu yaliahirisha vita." Yaani vita vya Kaskazini na Kusini vilivyoanza 1861. Nimepangiwa upande wa kuunga mkono na moyo wangu hautaki kabisa.

Babu: Waaleikum salaam, marahaba mjukuu wangu. Mapatano yepi hayo? Sisi tulisoma zamani.

Salma: Yapo kadhaa Babu. 1820 walikubaliana Missouri iingie kama jimbo la watumwa na Maine kama jimbo huru. Kisha katika ardhi iliyonunuliwa kwa Ufaransa wakachora mstari wa nyuzi 36 na dakika 30: juu yake utumwa marufuku, isipokuwa Missouri yenyewe. 1850 wakapatana tena. California ikaingia huru, Texas ikapewa dola milioni 10 iachie madai yake ya ardhi, kuuza watumwa mjini Washington kukakatazwa. Majimbo ya Kusini, yenye watumwa, nayo yakapata sheria kali ya kuwakamata watoro popote walipo.

Kaka Juma: Sasa shida iko wapi? Bila 1850 Kusini wangejitenga mapema, na Kaskazini ilikuwa haijawa na reli na viwanda vya kutosha kuwashinda. Miaka 10 ile iliwasaidia.

Salma: Ndivyo asemavyo mwalimu.

Ami (Boston): Wa aleikum salaam nyote. Juma, hiyo hoja naijua, na ina uzito. Lakini mimi kwenda kazini napita State Street. Hapo ndipo alipopitishwa Anthony Burns tarehe 2 Juni 1854, akirudishwa utumwani Virginia. Kijana ndiyo kwanza katimiza miaka 20. Alitoroka kwa meli, akapata kazi kwenye duka la nguo hapa Boston. Akamwandikia ndugu yake barua. Barua ikaangukia mikononi mwa bwana wake, Charles Suttle, na huyo akajua mtu wake yuko wapi. Wakamkamata kwa kumsingizia wizi dukani kwa sonara.

Ami (Boston): Hiyo ndiyo sheria ya 1850 ikifanya kazi. Mtoro haruhusiwi kutoa ushahidi wake. Hakuna jopo la raia kusikiliza, ni kamishna mmoja tu. Na kamishna akiamua mtu arudishwe analipwa dola 10, akimwachia huru analipwa dola 5.

Shangazi Mwana: Subhanallah! Mara mbili?

Ami (Boston): Mara mbili, dada. Waliotunga sheria walisema ni kwa sababu ya makaratasi mengi zaidi. Na ukimficha mtoro, faini hadi dola 1,000 na jela hadi miezi 6.

Shangazi Mwana: Maskini mtoto wa watu, kumkumbuka nduguye ndiko kulikomponza.

Kaka Juma: Na watu wa Boston walikaa kimya?

Ami (Boston): Hawakukaa kimya. Usiku wa 26 Mei umati ulivamia mahakama, mlinzi mmoja akauawa, Burns hakuokolewa. Siku ya kumpeleka melini Rais Pierce alikuwa ameshatoa wanajeshi. Watu wapatao 50,000 walijipanga njiani, maduka yametandwa vitambaa vyeusi, na jeneza limetundikwa juu ya barabara limeandikwa Uhuru. Amos Lawrence, tajiri wa viwanda vya nguo, aliandika kwamba walilala wakiwa wapenda mapatano, wakaamka wapinzani wakali wa utumwa. Tajiri wa pamba huyo! Pamba ya viwanda vyao ililimwa na watumwa wa Kusini. Ndiyo maana kabla ya hapo mapatano yaliwafaa sana.

Babu: Nguo za viwanda vya Massachusetts ndizo merikani zilizoshushwa Unguja na meli za Salem. Bibi yangu alizivaa.

Babu: Na mistari hiyo tunaijua. 1822 Kapteni Moresby wa Uingereza na Seyyid Said walichora wa kwao baharini, toka Rasi ya Delgado hadi Diu kule Bara Hindi. Ng'ambo ya mstari ni marufuku kupeleka watumwa. Ndani yake watu wakaendelea kupakiwa Kilwa na kuuzwa Unguja, mpaka soko likafungwa 1873. Waliochora waliita hiyo ni hatua.

Salma: Babu, hii naichukua.

Ami (Boston): Salma, tazama na tarehe. 30 Mei 1854, Burns yumo kizuizini, Pierce anatia saini sheria ya Kansas na Nebraska, iliyowaachia walowezi wa huko waamue wenyewe kuhusu utumwa. Mstari wa 1820 ukafutwa. Watu wa Kusini, waliopewa sheria ya watoro 1850 ili watulie, hawakutulia.

Kaka Juma: Sawa, lakini hujajibu hoja ya miaka 10.

Ami (Boston): Najibu. 1850 watumwa walikuwa kama milioni 3.2. 1860 walikaribia milioni 4. Hiyo miaka 10 unayosema iliisaidia Kaskazini, watumwa ndio walioilipa, na hakuna aliyewauliza. Katika mdahalo usimruhusu mtu aseme "nchi ilipata muda" bila kusema muda huo ulikatwa kwenye maisha ya nani.

Kaka Juma: Hapo nimekuelewa.

Shangazi Mwana: Burns aliishia wapi?

Ami (Boston): Mchungaji Leonard Grimes na waumini wake walichanga dola 1,300, wakamnunua 1855. Akasoma chuo cha Oberlin, akawa mchungaji St. Catharines, Kanada. Alifariki 1862, vita vikiendelea.

Salma: Nimemwandikia mwalimu nihamie upande wa kupinga. Akikubali nitaanza na ile dola 10 na dola 5. Ami, nikupigie kesho baada ya Isha ya huku?

Ami (Boston): Piga mwanangu. Huku itakuwa mchana, nitatoka nje niongee nawe vizuri.