Naomba ushauri: Mama ana presha, nimeambiwa nimlishe bluberi kila siku. Kuna ulazima?

MtotoWaMuheza:
Wakuu habari za jioni. Mama yangu ana miaka 61, anaishi Muheza. Ana presha, dawa anameza, na kipimo cha mwisho kimeonyesha sukari imeanza kupanda. Daktari kasema bado si kisukari ila ajichunge. Sasa binamu yangu aliyeko Marekani kashikilia kwamba tumpe bluberi kila siku, eti zina antioksidanti nyingi (vile viini vinavyokinga seli za mwili zisiharibike) na zinasafisha mishipa ya damu. Hapa Dar nimezipata supamaketi. Kiboksi cha gramu 125 kinakaribia bei ya kilo ya nyama! Nimeanza kupiga hesabu za kumtumia kwa basi kwenye kibegi cha barafu.

Kabla sijaumia mfukoni naomba kujua, hivi hizo bluberi zina kitu gani ambacho matunda yetu hayana? Kuna pia jamaa ananiuzia vidonge vya antioksidanti, anadai kimoja ni sawa na sahani nzima ya matunda. Naomba majibu ya kistaarabu, mawazo ninayo tayari.

Pwagu_Mstaafu:
Yaani mtu yuko Muheza, michungwa imemzunguka pande zote, halafu unamtumia tunda kwa basi kutoka Dar. Haya, nimekaa jamvini nawasubiri wataalamu.

Lishe_Kwanza:
Pole kwa kuuguza, ndugu. Kazi yangu ni ya lishe, ngoja nikujibu kwa urefu kidogo.

Binamu yako hajadanganya. Ile rangi ya zambarau iliyoiva kwenye bluberi inatokana na anthosayanini, na watafiti wameifuatilia sana. Mwaka 2013 yalitoka matokeo ya Marekani ya wanawake 93,600 waliofuatiliwa kwa miaka 18. Waliokula stroberi na bluberi angalau mara 3 kwa wiki walipata shambulio la moyo kwa kiwango pungufu kwa takribani theluthi moja kuliko waliokula mara moja kwa mwezi au chini ya hapo. Ila ujue huo ni ufuatiliaji tu. Anayemudu kula stroberi kila wiki mara nyingi anamudu na mengine mengi, na hesabu haziwezi kuyachuja yote.

Sasa njoo kwenye jaribio lenyewe. Uingereza, mwaka 2019, watu 115 wenye uzito mkubwa na dalili za kuelekea kisukari waligawiwa makundi kwa miezi 6. Kundi lililopata bluberi za kiasi cha gramu 150 kwa siku, mishipa yao ilitanuka vizuri zaidi. Waliopewa nusu ya kiasi hicho hawakupata faida hiyo. Na upande wa insulini hakuna kilichobadilika hata kwa waliokula nyingi. Kwa hiyo kiboksi chako cha gramu 125 hakifikii hata dozi ya siku moja, na tatizo la sukari ya mama kingeliacha palepale.

Halafu hiyo anthosayanini haikai kwenye bluberi peke yake. Zambarau zinazotuachia ulimi wa bluu zinayo, fursadi zinayo, rozela inayo, hata ganda la bilinganya linayo. Vitamini C ndiyo usiseme: pera lina zaidi ya mara 20 ya bluberi kwa uzito uleule. Nyanya ina laikopeni, ile rangi yake nyekundu ambayo nayo ni antioksidanti, na hiyo mwili huipata vizuri ikipikwa na mafuta kidogo kuliko ikiliwa mbichi. Yaani mchuzi wa nyanya wa kila siku nao umo kwenye hesabu.

AfyaTele_Dili:
Mtoa mada usihangaike na masoko. Tuna kapsuli za antioksidanti, nguvu yake ni mara 50 ya tunda, zinaondoa presha na sukari ndani ya mwezi. Njoo PM upate ofa.

Lishe_Kwanza:
Mkuu hapo juu, kwa heshima kabisa, mama wa watu anameza dawa za presha. Asije akaziacha kwa ajili ya kapsuli zako.

Na hii habari ya "nguvu mara 50" ina historia. Wizara ya Kilimo ya Marekani iliwahi kuweka jedwali la kupima nguvu ya antioksidanti kwenye vyakula. Mwaka 2012 ikaliondoa yenyewe, kwa sababu namba zilipatikana kwenye chupa za maabara na wauzaji wakazigeuza tangazo, wakati ndani ya mwili mambo hayaendi hivyo. Anthosayanini nyingi hata hazinyonywi zilivyo. Zinavunjwavunjwa na bakteria wa utumbo kwanza, na vipande hivyo ndivyo vinavyodhaniwa kufanya kazi kwenye mishipa.

Kubwa zaidi kuhusu vidonge ni jaribio la Finland. Wavuta sigara wanaume zaidi ya 29,000 waligawanywa, wengine wakapewa vidonge vya beta-karotini, ile antioksidanti ya karoti. Matokeo yalitoka 1994: waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Karoti zenyewe hazijawahi kumfanyia mtu hivyo.

Makole_Dodoma:
Mmesahau zabibu nyekundu! Huku kwetu tunavuna misimu miwili kwa mwaka, na ukizinunua barabarani bei haiumi. Rangi iko kwenye ganda, kwa hiyo asimenye wala kutema.

Lishe_Kwanza:
Kweli, ila kwa mwenye sukari ya kupanda kiganja kimoja kinatosha. Zabibu zina sukari nyingi kuliko bluberi.

Kahawa_Chungu:
Na sisi wa barazani tusisahaulike. Norway walipochunguza chakula chao walikuta kahawa ndiyo inayowapa antioksidanti nyingi kuliko kitu kingine chochote mezani. Mnatucheka na vikombe vyetu.

Pwagu_Mstaafu:
Kashata nazo umezihesabu?

Mwanakwerekwe_Sokoni:
Samahani mtoa mada nachomekea swali. Baba yangu yuko kwenye warfarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda. Nilikuwa naongeza mchicha na kisamvu kwa nia hiihii. Vipi?

Lishe_Kwanza:
Usiongeze ghafla, kaka. Mboga za majani zina vitamini K, nayo inapingana na warfarini. Hatakiwi kuziacha, anatakiwa ale kiasi kinacholingana wiki hadi wiki. Mweleze anayempima damu kwamba ulishaongeza.

MtotoWaMuheza:
Asanteni sana. Bluberi nimeachana nazo. Rozela mama anaipenda na jirani anayo shambani. Je, inashusha presha kweli au ni maneno ya mtaani? Na ubuyu?

Lishe_Kwanza:
Ina ushahidi, dada. Jaribio la Marekani la 2010 lilikuwa na watu 65, na kundi moja lilikunywa chai ya rozela vikombe 3 kwa siku kwa wiki 6. Namba ya juu ya presha yao ilishuka kwa pointi 7 hivi. Wenzao waliopewa kinywaji cha kuigiza walishuka kwa pointi 1 tu. Lakini hao hawakuwa kwenye dawa za presha. Mama yuko kwenye dawa, kwa hiyo amtajie daktari, aanze na kikombe kimoja, apime presha mara kwa mara, na akiona kizunguzungu aache. Sukari asitie. Rozela ya kwenye sherehe zetu ni sukari yenye rangi.

Ubuyu achukue unga mweupe, akoroge kwenye uji au maziwa. Ule mwekundu wa kumung'unya umeshafunikwa sukari na rangi. Machungwa ya Muheza ayale kwa vipande, si juisi, maana akikamua manne kwenye glasi nyuzi zinabaki kwenye chujio na sukari ndiyo inayoshuka tumboni. Mboga na matunda kwa pamoja zifike gramu 400 kwa siku, ndicho kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Na kliniki ijayo aulizie kipimo cha figo kabla hamjamjazia matunda. Figo zikiwa zimechoka, potasiamu, yale madini yaliyomo kwenye matunda, nayo inabidi kuhesabiwa.

Mzee_wa_Amani:
Zambarau msimu wake mfupi, binti. Mwambie mama azioshe, azianike zikauke maji, azigandishe kwenye mifuko midogo. Rangi haipotei, na wajukuu hawatazimaliza siku moja.

MtotoWaMuheza:
Nimempigia sasa hivi. Kanijibu zambarau ipo nyuma ya choo, huwa wanawaachia popo.