Gati za Kisumu: Zibaki za Meli au Zigeuzwe Ufukwe wa Mahoteli?

Tangu bandari ya Kisumu ilipokarabatiwa mwaka 2019, imekuwa ikirudiwa hoja kwamba ardhi ya gati ni ya thamani mno kuachiwa meli chache, na kwamba ingefaa pajengwe mahoteli, maduka na nyumba za kifahari, kama ilivyofanyika katika bandari kongwe za Ulaya. Ninaipinga hoja hii, kwa kuwa inasahau kuuliza kila bandari ilidorora kwa sababu gani.

Gati za zamani za London zilifungwa moja baada ya nyingine kati ya 1967 na 1981, baada ya makontena na meli kubwa kuhamishia shughuli Tilbury, chini zaidi kwenye mto Thames, kwenye maji yenye kina zaidi. Gloucester, bandari ya bara iliyounganishwa na mto Severn kwa mfereji uliofunguliwa mwaka 1827, ilianza kupoteza meli kubwa pale gati mpya zilipojengwa Sharpness, kwenye mdomo wa mfereji huo, mwaka 1874. Huko maghala ya nafaka kugeuzwa makazi, ofisi na jumba la makumbusho kulikuwa uamuzi wa busara, maana biashara iliyoyajenga ilikuwa imekwisha kuondoka na isingerudi.

Historia ya Kisumu ni nyingine kabisa. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Ziwa Victoria Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, yaani Kisumu ya leo, na kwa miaka thelathini iliyofuata shehena ya Uganda ilivuka ziwa kwa meli zilizoundwa Uingereza, zikasafirishwa vipande vipande na kuunganishwa papa hapa. Reli ilipofika Kampala mwaka 1931 kwa njia ya Nakuru na Eldoret, bandari ilipata pigo lake la kwanza, lakini haikufa. Katikati ya miaka ya 1960 ziliongezwa feri za mabehewa, Umoja na Uhuru, ambazo hupakia behewa na mzigo wake bila kushusha gunia hata moja. Kilichoivunja nguvu bandari ni kusambaratika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, ambako kuligawa vyombo na kuitenganisha mipango ya usafiri, kisha magugu maji yaliyoifunika Ghuba ya Winam, ilipo Kisumu, katika miaka ya 1990, na reli ya zamani kuachwa ichakae huku mizigo ikihamia kwenye malori.

Sababu zote hizo ni za kisiasa au za kukosa matunzo, na zote zinarekebishika. Ushahidi tunao: mwishoni mwa 2019 MV Uhuru, feri ileile yenye nafasi ya mabehewa 22, ilirudi majini na kuanza tena kupeleka mafuta Uganda.

Wapinzani wangu wana hoja moja nzito, nayo siikwepi. Reli ya kisasa iliyofika Naivasha mwaka huohuo iliishia huko, na gati lisilofikiwa na treni za uhakika litabaki kimya hata likipakwa rangi mara ngapi. Nakubali. Lakini hilo linatudai tudai reli iliyo hai na njia ya maji isiyozibwa na magugu na matope, si kwamba tuliuze gati.

Wapo pia wanaouliza kuhusu wachuuzi wa samaki wa Lwang'ni, ambao vibanda vyao vilibomolewa mwaka 2019 kupisha ukarabati. Hapa nasimama nao bila kusita. Kuilinda bandari hakukuhitaji kuwatupa watu waliokuwa wakiilisha Kisumu kando ya maji, na sehemu ya ufukwe isiyotumiwa na meli wala reli ingepaswa kutengewa soko lao, kwa hati, si kwa ahadi za majukwaani. Wanaotaka mahoteli wasijifiche nyuma ya jina la mama samaki, kwa sababu mwekezaji wa hoteli naye angemwondoa.

Feri ya mabehewa haiwezi kutia nanga popote tu: inahitaji daraja lake la kupakilia na reli zinazoingia hadi ukingoni, na Kisumu inavyo vyote viwili. Anayependekeza nyumba za kifahari mahali hapo atueleze, kabla ya ramani kupitishwa, daraja hilo litahamishiwa wapi na nani atalipia.