Mrejesho: Pikipiki ya motokrosi iliyokuwa inarusha mkia

Niliuliza kwa nini nyuma inarusha kwenye matuta na mbele inateleza kwenye kona. Asanteni sana wakuu, mchawi ni springi ya nyuma. Nikikaa na mavazi yote ya kuendeshea, nyuma ilizama milimita 125. Nikakaza nati inayobana springi hadi ikazama 103. Lakini pikipiki ikiwa tupu, bila mimi, ilizama 18 tu, wakati inatakiwa 30 hadi 40. Hapo springi ni laini mno, imebanwa kupita kiasi ili ibebe uzito. Nimefunga springi nyingine ngumu zaidi: sasa inazama 103 nikikaa na 35 ikiwa tupu. Skrubu ya chini ya shokapu, inayopunguza kasi ya springi kurudi baada ya kubanwa, nimeikaza kliki mbili. Shokapu za mbele nimezitoa hewa tu, gurudumu likiwa juu. Kona inashika vizuri mno!