Naomba ushauri: Nikon F90X au Canon EOS 5?

Wakuu, heshima kwenu. Natafuta kamera ya filamu ya miaka ya 1990, ile inayojifokasi yenyewe. Hapa Dar nimeoneshwa mbili, Nikon F90X na Canon EOS 5.

Moyo uko kwa Nikon: inakula betri nne za AA, hata kwa Mangi zipo, na lenzi yake ya 50mm AF-D ninayo tayari. Canon inataka 2CR5, betri ya kuisaka. Tatizo, mlango wa nyuma wa Nikon unanata kama jojo. Spiriti itautoa huo utando bila kuharibu plastiki? Canon ni safi, ila kile kirungu cha kuchagulia modi kinazunguka bila kushika.

Na shata, lile pazia la ndani linalofunguka kupitisha mwanga, naikaguaje bila kuweka filamu? Bei bado tunavutana.