Mtafsiri wa muvi kafuta kosa la stelingi, ukumbi mzima unapiga makofi!

Wakuu, nivumilieni, nina hasira.

Kuna kibanda umiza hapa Mabatini wanaonyesha Dexter, sizoni ya nne, iliyotafsiriwa. Kwa wasioijua: jamaa anafanya kazi polisi Miami, mtaalamu wa kusoma matone ya damu. Usiku anawasaka wauaji walioponyoka sheria, anawafunga mezani kwa nailoni, anawamaliza. Kanuni alifundishwa na baba aliyemlea, Harry: hakikisha kwanza.

Sasa anamuua mpiga picha mmoja, Farrow. Kumbe muuaji alikuwa msaidizi wake! Yaani mtu mwenye maabara, mafaili ya polisi na subira yote ile, kaua asiyehusika. Tamthilia nzima iko hapo: umempenda huyu jamaa tangu sizoni ya kwanza, halafu unajishtukia ulikuwa unashangilia nini. Mtafsiri wetu kafanyaje? Habari ya msaidizi ilipofika akaifunika na porojo za Simba na Yanga, kisha akamalizia: "Stelingi hakosei, wanangu!"

Hakosei? Si kakosea mbele ya macho yako!

Dogo mmoja pembeni yangu anasema tungepata hata watatu kama huyu, wezi wa pikipiki wangeisha Mwanza. Wezi wa pikipiki! Dexter mwenyewe haui wezi.

Na sisi wa Kanda ya Ziwa ndio wa kudanganywa hivi? Sungusungu walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Shinyanga na Tabora kwa sababu ya maana kabisa, ng'ombe walikuwa wanaibwa. Baadaye wakageukia wachawi. Usukumani mchawi ni nani? Bibi mwenye macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Na leo mtu akipigiwa kelele za mwizi, tairi na petroli vinatoka upesi, hakuna hata anayejua kimeibiwa nini. Redioni utasikia "wananchi wenye hasira kali", habari imeisha.

Najua mtaniambia polisi wanawaachia, kesi zinapigwa kalenda. Kweli, na inauma. Ila Farrow naye angekuwa kaka yako?

Haya, nani anajua sehemu hapa mjini, hata Igoma au Kirumba, wanaonyesha bila mtafsiri? Nitasoma maandishi ya chini mwenyewe.