Diski nne za saizi tofauti: nizichanganye RAID au niziache hivi hivi?

mpiga_shata:
Wakuu habari za mida hii. Napiga picha na video za harusi hapa Dar, nina diski nne, mbili za TB 4, moja TB 2 na nyingine ya zamani TB 1, kazi zimetapakaa kila mahali yani mteja akiulizia sendofu yake natafuta mpaka nachoka. Kazi zote zinafika kama TB 3. Sasa nimeona maboksi ya NAS (yale ya kuweka diski, yanaunganishwa kwenye mtandao wa ndani) yenye nafasi nne, nikawaza nizitie zote humo niweke RAID 5, yani diski zifanye kazi kama moja na moja ikifa data ibaki, nipate TB 11 na usalama juu, hapo si ndo nimemalizana na mambo ya bakapu? Ushauri tafadhali, ila msinitajie vitu vya mamilioni.

mzee_wa_nyaya:
Mkuu hapo kwenye hesabu umepigwa. RAID 5 ya kawaida inafuata diski ndogo kuliko zote, kwako ile ya TB 1, kwa hiyo kila diski inahesabika TB 1 na ujazo wa moja unaenda kwenye ulinzi, unabaki na TB 3 ambazo tayari umeshazijaza 😂. Synology, watengenezaji wa NAS, wana mfumo wao unaitwa SHR, huo unachanganya saizi, kwa diski zako utapata kama TB 7. Lakini RAID sio bakapu kiongozi. Inasaidia diski moja ikifa kazi isisimame, basi. Ukifuta foleda ya harusi ya watu inafutika humo humo, kirusi kikifunga mafaili kinafunga yote, na mwizi akibeba boksi kabeba na RAID yake.

dadaPwani:
Kwa TB 3 mimi boksi nisingenunua kwanza. TB 4 moja iwe ya kazi, ya pili iwe kopi, unarusha kila jioni kwa FreeFileSync, programu ya kulinganisha mafoleda, ni ya bure, ila washa ile sehemu ya kutunza matoleo ya zamani maana bila hivyo ukifuta huku na kule inafuta. Ile TB 2 weka harusi za karibuni ambazo hujakabidhi, ikae kwa mama au kwa ndugu, sio droo ya pili ya meza hiyo hiyo. Peter Krogh, mpigapicha wa Marekani, ndo alieneza kanuni ya 3-2-1: kopi tatu, vyombo vya aina mbili, moja nje ya nyumba.

mpiga_shata:
Asante dada. Hiyo ya nje si bora niipandishe mtandaoni tu?

mzee_wa_nyaya:
Piga hesabu, TB 1 kwa spidi ya kupandisha ya Mbps 10 ni kama siku 9 usiku na mchana bila kukatika. Pandisha picha zilizokamilika, video ghafi zipande bodaboda ziende kwa mama.

kaka_editi:
Mi natofautiana kidogo, mkiwa wawili mnaediti boksi lina raha yake. Ila usiunge kwenye swichi ya mtandao ya Mbps 100, utapata MB 11 au 12 kwa sekunde, utalia, tafuta ya gigabiti. UPS (betri ya akiba ya umeme) ni lazima, yenye kebo ya USB inayoiambia NAS izime yenyewe umeme ukikatika, maana kuzimikia katikati ya kuandika ndo kunaharibu mafaili. Na diski za NAS chagua CMR (zinaandika data kwa mistari isiyopandana), sio SMR (mistari inapandana), hizo SMR zikianza kujenga upya RAID baada ya kubadili diski iliyokufa zinajikokota balaa. Mwaka 2020 Western Digital walikiri baadhi ya WD Red za TB 2 hadi 6 zilikuwa SMR na hawakuwa wameandika, kwa hiyo ukipata za mtumba uliza namba ya modeli kabla hujatoa hela.

mpiga_shata:
Na hii kongwe ya TB 1?

dadaPwani:
Ifungue na CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski. Ikiandika Caution, au ukiona namba za Reallocated na Pending (sehemu za diski zilizoharibika au zinazosuasua) zinapanda, hamisha vilivyomo leo hii. Ikiwa nzima itumie kubebea kazi kwa wateja.