Hospitali Moshi, soba hausi Arusha au mradi wa watoto: mwanasaikolojia tiba aanzie wapi?

Binti_Pasua
Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Nimemaliza uzamili wa saikolojia tiba Muhimbili, nimerudi Moshi, nakula ndizi za mama bure, na ghafla nina kazi tatu mkononi. Miezi minne iliyopita sikuwa na hata moja. Majina ya sehemu nayaficha, mtanivumilia.

Ya kwanza ni mkataba katika hospitali kubwa ya ukanda huu: kliniki ya afya ya akili siku mbili, siku tatu nazunguka wodini. Mshahara wa kawaida, na Bodi ya Mikopo ya wanafunzi inanisubiri na makato yake ya asilimia 15.

Ya pili ni soba hausi, nyumba ya kuwasaidia waraibu waache, nje kidogo ya Arusha. Wanatoa mara moja na nusu ya hospitali, chumba cha kulala bure, na cheo cha "mkuu wa tiba". Mimi, mwenye vyeti ambavyo wino haujakauka!

Ya tatu ni mradi wa watoto waliofiwa na waliofanyiwa ukatili, Arusha na vijiji vya jirani. Miezi 18, unalipa kuliko zote.

Ninachotaka kukifanya maisha yangu yote ni kiwewe na uraibu kwa pamoja, maana nilipokuwa mafunzoni karibu kila mtu wa unga (heroini) niliyekaa naye alikuwa na jambo lililomkuta kabla ya unga. Mngekuwa mimi mngeenda wapi?

Boda_Sakina
Mradi. Kusanya hela, nunua kiwanja, mengine utajua mbele. Miezi 18 si mchezo dada.

Soba_TanguViroba
Binti, mimi ni mraibu niliyeacha. Jina langu linajieleza: viroba, ile pombe kali ya pakiti, vilipopigwa marufuku Machi 2017 nilishaanza kuchanganya na vingine. Nimekaa soba mbili, moja kama mgonjwa na moja najitolea, kwa hiyo nitaisemea soba, mazuri yake na mabaya yake.

Zuri lake ni kwamba unakaa na mtu saa ishirini na nne. Hospitalini unamwona dakika arobaini, ameoga, amevaa shati la kanisani. Soba unamwona saa kumi na moja alfajiri ana ndoo ya deki mkononi na hasira ya kunyang'anywa simu. Hapo humkosi.

Sasa nikupe kisa, na nimebadilisha mambo kadhaa mwenyewe asitambulike. Tulikuwa na mwanaapolo mmoja, mchimbaji wa tanzanite wa Mirerani, mtu wa unga. Wiki ya kwanza arosto, yale mateso ya mwili ukikosa kilevi, ilimchapa kama ilivyotuchapa wote: kamasi, miayo, kuhara, mifupa kama inasagwa. Ikapita. Wiki ya tatu anakula, anataniana na watu, deki anaongoza yeye. Lakini kila saa tatu usiku msimamizi akisukuma lile komeo la chuma la bweni, jamaa anatoka jasho, anapiga ukuta, analilia kutoka nje. Wasimamizi wakasema arosto. Wengine wakasema anatafuta upenyo wa kutoroka, akapewa adhabu ya kuosha vyombo.

Alikuja mwanafunzi wa saikolojia kwa mafunzo, mtoto mdogo tu, akamuuliza kitu ambacho sisi wazoefu hatukuuliza: "Kaka, komeo likilia unakuwa uko wapi?" Jamaa akajibu neno moja: "Chini." Aliwahi kufukiwa na kifusi shimoni, saa kadhaa, mwenzake amekata roho pembeni yake. Unga alianza baada ya hapo ili apate usingizi. Kitanda chake kikahamishiwa chumba cha mbele kisichofungwa komeo. Usiku ule alilala.

Kwa hiyo soba wanakuhitaji. Ila uliza kama utaruhusiwa kuhamisha vitanda.

Nesi_wa_Usiku
Kisa cha komeo kimeniuma. Na arosto ya unga kali yake huisha ndani ya wiki moja hivi, zikizidi sana siku kumi. Wiki ya tatu mtu bado anatoka jasho saa ile ile kila siku, tafuta kitu kingine.

Mimi nina swali moja tu la kumpelekea mwenye soba. Arosto ya unga inatesa lakini mara chache inaua. Ya pombe inaua. Mtu aliyekunywa gongo miaka kumi ukimkatia ghafla, siku mbili tatu za mwanzo anaweza kupata degedege, akaanza kuona wadudu ukutani na kuongea na marehemu. Huyo anahitaji dawa, thiamini (vitamini B1), na mtu wa kumpima mapigo usiku kucha. Nimewapokea wakiletwa kwa bajaji wamechelewa. Wewe mwanasaikolojia huandiki dawa. Sasa mlevi akiingia Ijumaa jioni, nani yuko naye mpaka Jumatatu?

Kuhusu hospitali sitakudanganya. Ninapofanya kazi mimi, mwanasaikolojia anagawana chumba na kliniki ya kisukari, katikati kuna pazia. Mgonjwa anaeleza alivyobakwa, upande wa pili mtu anafundishwa kujichoma insulini. Tumelalamika tumechoka.

Ila kuna kitu hospitalini watu wanakidharau: majeruhi. Kijana wa boda amevunjika mguu, pombe inanuka. Hapo KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, kuna utafiti wa kazi hiyo hasa, unaitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako: unamkuta mtu bado ana bandeji, unaongea naye kwa ufupi na kwa heshima kuhusu pombe yake. Dodoso la AUDIT la kupima unywaji wa pombe ni maswali kumi, alama 0 hadi 40, ukifika 8 tunaanza kuongea. Mtu yule asingekanyaga soba maishani mwake. Mguu ndio uliomleta.

Mjomba_Vidadisi
Nami niseme kuhusu mradi, maana nimeshakusanya takwimu kwenye miradi ya namna hiyo. Kuna utafiti mkubwa ulifanyika Moshi na Bungoma kule Kenya, ukachapishwa 2020. Watoto 640 waliofiwa na mzazi na wenye dalili za kiwewe, vikao 12 vya tiba ya kikundi, na walioendesha vikao hawakuwa wanasaikolojia. Walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa kazi. Kenya nafuu ilionekana hata baada ya mwaka. Kwetu, baada ya mwaka, waliopata tiba na waliopata huduma za kawaida walilingana, wote wamepata ahueni.

Wasomi watabishana kwa nini. Mimi nakuambia jambo la ajira: mradi wa hivyo hutakaa na mtoto. Utasimamia wanaokaa na mtoto, utasikiliza rekodi za vikao vyao, utajaza majedwali ya wafadhili. Ni kazi nzuri kwa mtu wa miaka kumi kazini. Na uraibu humo haumo kabisa, labda kwa baba wa mtoto, ambaye hakuandikwa kwenye bajeti.

Boda_Sakina
Lakini hela ipo.

Binti_Pasua
Kaka wa boda umeniua mbavu. Mjomba asante, hilo la kusimamia wengine halikuandikwa kwenye tangazo.

Swali langu kwa walioko kwenye fani: shule tulifundishwa zamani walisema mtu aache kwanza kilevi, kiwewe baadaye, eti ukimgusa kidonda atarudi kunywa. Siku hizi wanasema vyote pamoja. Huku kwetu mnafanyaje?

DadaMkubwa_Njiro
Marahaba mdogo wangu. Nina miaka 11 kwenye kazi hii, nimepita hospitali, nimepita mradi, sasa nina chumba changu.

Ukimwambia mtu asubiri mwaka mzima bila kilevi ndipo muongee kilichomkuta, wengi hawafiki huo mwaka. Lakini pia usimfunulie kisa chote kikao cha pili halafu umwache arudi mtaani kwake Unga Limited peke yake jioni. Mimi naanza na usingizi, pumzi, wapi analala, atampigia nani simu saa nne usiku akitamani kilevi. Kisa chenyewe tunakiendea kidogo kidogo, na kila kikao kinaisha akiwa amejua leo ni tarehe ngapi na yuko chumba gani.

Kuhusu methadoni, dawa wanayopewa watu wa unga badala ya unga, hakuna aliyeitaja. Ilianza Muhimbili 2011, mtu anakuja kila siku anakunywa mbele ya mhudumu. Wapo wenye soba wanaosema hiyo ni kubadilisha unga kwa unga. Ukikutana na bosi wa namna hiyo mtagombana wiki ya kwanza, bora ujue mapema.

Nilichojuta mimi ni mradi. Ulifungwa mwezi mmoja kabla ya tarehe, nikawa na wasichana saba niliowaambia "tutaendelea". Mpaka leo nikipita stendi ndogo natazama chini. Na kabla ya hapo, miezi mingi bila mtu wa kunisikiliza, nilianza kukagua geti la nyumbani mara tatu kila usiku. Mume wangu ndiye aliyeniambia, "Hivyo visa si vyako."

Kwa hiyo usiniulize mshahara. Niulize nani atakaa na wewe saa moja kila wiki akusikilize kazi yako. Hospitali hiyo unayoificha, ina daktari bingwa wa akili au mwanasaikolojia mkubwa kuliko wewe? Soba wanakupa ukuu wa tiba kwa sababu hakuna mwingine, mdogo wangu. Anza hospitali na pazia lake, Jumamosi panda Kosta uje soba ujitolee.

Soba_TanguViroba
Dada nakuheshimu, ila Jumamosi ni siku ya wageni, hakuna kazi inayofanyika. Na wote mkisema "hospitali kwanza", sisi tutaendelea kuoshwa akili na wasimamizi ambao sifa yao ni kwamba waliacha kabla yetu. Mimi nikiwa mmoja wao!

DadaMkubwa_Njiro
Basi Jumatano. Hapo umenishinda.

Binti_Pasua
Narudi na majibu. Leo nimempigia mwenye soba nikamuuliza swali la nesi, neno kwa neno. Akanyamaza, kisha akasema usiku kuna mlinzi, na mlinzi ana simu.

Nimemuuliza pia la kuhamisha vitanda. Hilo alikubali haraka, akasema hata komeo anaweza kulitoa, fundi yupo jirani. Nimemwambia sitakuja kuwa mkuu wa tiba, ila nitakuja Jumatano mbili kwa mwezi akipata nesi wa usiku kwa wale wa pombe. Amesema atafikiria. Mradi nimeuandikia barua ya shukrani.

Kesho saa mbili naenda hospitali kusaini. Nesi, lile pazia la kliniki ya kisukari kwenu lina urefu gani? Mama ana cherehani, na hapa kuna kitambaa kizito cha makochi kimebaki.